Mfumo wa Mtoto wa Msimamizi

Jamani, hiki ninachotaka kuwasimulia mtasema natia chumvi. Sitii. Hata nguvu ya kutia chumvi sina, nimechoka mpaka kidole gumba, hiki cha simu. Lakini kilitokea kweli, mchana kweupe, nyumbani kwa mjomba wangu, siku ya Mtakatifu Eliya, mtakatifu wa nyumba yao, watu wamejaa sebuleni wanatafuna nyama ya nguruwe. Na mpaka leo hii mwenye nyumba mwenyewe hajui.

Nianze na mjomba. Anaitwa Milisav, mfua shaba hapa mjini Valjevo. Anatengeneza mitambo ya kukenekea rakija, ile pombe kali ya plamu, na huku kwetu nyumba yenye miti minne ya plamu isipokuwa na mtambo basi ina jirani mwenye mtambo. Baba yake alifua shaba, babu yake alifua shaba. Ila bega lake la kulia limekwisha. Akiinua nyundo unaona uso wote unakunjamana, halafu anajifanya anakohoa.

Kwa hiyo anayefua hasa siku hizi ni mwanawe, binamu yangu Ognjen. Na Ognjen, theluji ilipoyeyuka tu, alisema mezani kwamba kuna kampuni ya malori huko Slovenia inamtaka. Alisema kwa upole, huku anapaka siagi mkate. Atasubiri mpaka Mtakatifu Eliya, mwanzoni mwa Agosti, kabla plamu hazijaanza kuiva. Oda zikija, anabaki. Zisipokuja, kesho yake anawajibu Waslovenia kwamba anakuja. Hakuna aliyebishana naye. Wote tulijua Ognjen akipanda basi, karakana inafungwa.

Sasa oda zitatoka wapi? Zamani ulikuwa unaweka mtambo mmoja kwenye mnada, watu wanaugonga kwa kucha, wanasikiliza mlio, wanakupa mkono. Siku hizi mtu anaugonga mtambo kwenye simu. Anatafuta, anaona picha, anapiga. Usipokuwemo humo, haupo. Mjomba akanigeukia mimi, maana mimi ndiye mpwa anayekula na simu mkononi, akasema, "Jefa, wewe si ndiyo mambo yako haya? Tafuta."

Nikatafuta. Jamani nilitafuta. Sijasomea, nimejifunza kwa kutazama video za watu wanaoongea haraka. Nikaelewa kwamba tovuti si tatizo, tatizo ni ule mfumo wa nyuma yake, pale unapoingilia ubadilishe picha, uandike maneno, ufute kilichouzwa. Huo ukikosea kuuchagua, utalia kila wiki.

Mmoja ulikuwa wa kukodi kwa mwezi. Mzuri, unaburuta picha kwa kidole inakaa unapotaka, lakini siku ukiacha kulipa, vitu vyako vyote vinabaki kwao kama nguo kwa dobi. Mwingine ni ule wa bure ambao nusu ya dunia inautumia. Ule una usumbufu wake, kila mara unadai usasishwe, viongezeo vyake vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe, lakini vitu ni vyako. Nikamweleza mjomba yote hayo jikoni, yeye anamenya vitunguu. Akaniuliza swali moja tu: siku yeye akifa, Ognjen ataweza kuvitoa humo akavipeleka kwingine? Nikamwambia kwa huu wa bure, ataweza. Akasema basi, huo huo.

Nilifurahi nusura nimkumbatie na vitunguu vyake.

Jumapili akaja msimamizi.

Huyu ni Dragutin, muuza matairi. Alisimama na mjomba kanisani siku ya ndoa, akamsimamia na Ognjen ubatizo. Kwetu msimamizi si ndugu wa damu, ila damu yenyewe inampisha njiani. Humgombezi, humkatalii, hata akija na kitu usichokitaka unasema asante na unakiweka mbele ya macho ya watu. Wazee wanasema msimamizi si kifungo cha shati, useme utamkata umshone mwingine.

Basi Dragutin alikuja na paja la kondoo na habari njema. Mwanawe Rastko, aliyesomea kompyuta Novi Sad, ameunda mfumo wake mwenyewe wa kuendeshea tovuti. Hauna mfano. Na atampa Milisav bure, zawadi, maana wao ni watu wa nyumba moja. Nikajaribu kutaja ule mfumo wetu. Msimamizi akacheka, akasema ule wa bure ni wa wezi na ombaomba, mtu mwenye heshima zake hawezi kuweka jina lake humo.

Mjomba alinitazama, akatazama paja la kondoo. Akasema, "Mungu ampe Rastko maisha marefu."

Ndiyo hivyo mfumo ulivyochaguliwa.

Sasa niwaambie mfumo wenyewe. Kuweka picha moja, unaandika kwanza urefu wake na upana wake kwa namba. Ukikosea, mtambo wa mjomba unatokea mwembamba kama filimbi. Ukibonyeza kuhifadhi, linakuja neno "subiri". Unasubiri. Unaenda kunywa kahawa, unarudi, "subiri" bado ipo. Siku nyingine inakubali, siku nyingine inameza kila ulichoandika. Nilikaa na ile kompyuta mpaka Mama Stana, mke wa mjomba, akawa ananiletea supu bila kuniuliza, kama mgonjwa.

Lakini hayo ningevumilia. Kisichovumilika kilikuwa namba ya simu. Rastko alichukua namba kwenye kadi ya zamani ya mjomba, simu ya waya, ambayo ilikwishakatwa. Namba hiyo ilikuwa juu kabisa ya kila ukurasa, kubwa, nyekundu. Na kwenye mfumo ule huwezi kuibadilisha. Ameizika ndani kwenye msimbo wa programu, anayeweza kuifukua ni Rastko peke yake. Na Rastko alikuwa amekwishapata kazi Malta.

Nikamwandikia. Akanijibu kwa kile kikatuni cha kidole gumba. Nikamwandikia tena kwa adabu, nikaweka na maua. Kidole gumba. Ognjen akamwandikia, naye akapata kidole gumba. Ognjen akasema labda kijana kaumia vidole vingine vyote.

Mimi nikasema tumwambie baba yake. Mjomba akakataa kabisa. Kumwambia msimamizi kwamba zawadi yake mbovu ni sawa na kumrudishia paja la kondoo limeshatafunwa. Tungoje, atarekebisha, ni kijana mzuri. Tukangoja. Juni ikapita, watu wanaona picha, wanapiga simu iliyokufa, wanaenda kununua kwingine. Ognjen alikuwa anafua mitambo ambayo haikuwa na mwenyewe, anaipanga ukutani mmoja baada ya mwingine.

Nikaanza kuujenga ule wa bure pembeni. Sikumwambia mjomba, nilimwambia Ognjen tu. Na jamani, kwa mara ya kwanza ile kazi ilikuwa tamu. Ognjen akifua napiga picha, inapanda hapo hapo. Mama Stana aliposikia kwamba kuna ukurasa mtupu, akajifuta mikono, akanisomea maneno ya kuandika: jinsi ya kuusafisha mtambo mpya, jinsi ya kukanda unga wa shayiri nyeusi na kuziba nao pale kifuniko kinapokutana na chungu mvuke usitoroke. Akasema andika pia kwamba asiyeziba vizuri asitulaumu sisi, alaumu mkewe. Nikaandika. Namba ya simu nikaweka ile inayoita.

Kilibaki kitu kimoja. Jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa mjomba, na bado lilikuwa linaelekea kwa Rastko. Kuligeuza lielekee kwangu ni kubonyeza mara moja, kisha inakuja meseji yenye namba za siri kwenye simu ya mjomba mwenyewe. Kwa hiyo lazima akubali.

Nikamwomba. Hakunifokea, bora angenifokea. Alikaa kwenye kigoda, akalishika lile bega. Akasema, "Siku ya Mtakatifu Eliya Dragutin atakaa mezani kwangu. Nitamkatia mkate nikimtazama wapi?"

"Na Ognjen je, mjomba?"

"Ognjen ni mwanangu. Atanisamehe."

Nikatoka nje nikakaa juu ya rundo la vipande vya shaba, nikawa naperuzi vitu nisivyoviona.

Basi ikafika sikukuu. Siku ya mtakatifu wa nyumba kwetu hualiki mtu. Aliyewahi kuja anakuja, mlango uko wazi. Mshumaa mrefu unawaka, mkate umepambwa, ngano ya kuchemsha na sukari inapitishwa, kila mtu kijiko kimoja. Na mwenye nyumba siku hiyo hakai. Anasimama mpaka mgeni wa mwisho aondoke, anamimina, anauliza nani hana supu. Mjomba alinipa simu yake nimpigie picha za kukata mkate, maana kioo cha yangu kimepasuka kama barafu.

Nyama ilipofika, mzee mmoja wa Osečina, mjomba wake Mama Stana, akaanza kulalamika. Alikuwa anamtafutia mkwewe mtambo. Akaona kwenye simu mitambo ya Milisav, akapiga, akapiga, hakuna kitu. Akadhani Milisav ameacha kazi. Mkwe amenunua kwa mtu mwingine, mtambo uliotengenezwa kwa mashine, mwepesi kama sufuria ya kambi.

Ognjen alikuwa anaitazama sahani yake.

Msimamizi Dragutin akaweka uma chini, akasema labda mtandao wa Osečina ndio mbovu, huko hata kunguru wanapotea. Watu wakacheka. Akasema tovuti ikitengenezwa na anayejua, simu hailali. Ya kwake ya matairi hailali. Jana tu zimebandikwa saa mpya za kufungua duka, asubuhi wateja wamekwishajua.

Nami nikiwa nimesimama pale na sinia la sarma, nyama iliyoviringishwa kwenye kabichi, nikawaza: jana? Rastko yuko Malta na vidole gumba vyake. Jana kabandika nani?

Nikaweka sinia, nikaenda kwenye korido, nikafungua tovuti ya matairi. Nzuri. Inafunguka haraka, namba ya simu iko pale pale inapotakiwa. Sasa ule mfumo wa bure una mlango wake wa nyuma, na anwani ya mlango huo kila anayeutumia anaijua, unaongeza maneno mafupi tu mwishoni mwa jina la tovuti. Nikayaongeza. Mlango ukatokea, na nembo yake juu.

Nilisoma mara mbili. Msimamizi wetu, mwenye duka, mwenye heshima zake, alikuwa anatumia ule wa wezi na ombaomba.

Kwanza nilitaka kucheka. Halafu nikataka kurudi sebuleni niinue simu juu wote waione. Miguu ilikuwa imekwishaanza. Lakini nikamwona mjomba kupitia mlango, anammiminia Dragutin supu kwa mkono wa kushoto kwa sababu bega la kulia linamuuma, na Dragutin anamshikilia bakuli. Nikasimama.

Nilimngoja Dragutin atoke kuvuta sigara. Alisimama nyuma ya karakana, jasho linamtiririka shingoni. Nikamwonyesha simu. Akaitazama sana. Nilidhani atakasirika. Aliketi juu ya tairi bovu, pumzi ikamtoka kama tairi lenyewe.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu, baba."

Akanieleza taratibu. Rastko alimjengea yeye kwanza. Alivumilia msimu mzima wa matairi ya baridi, watu wanakuja kutaka saizi zilizokwisha, na yeye hawezi kuzifuta. Mwisho akamlipa kijana wa Belgrade amwekee ule wa bure. Rastko hajui. Hajawahi hata kuifungua tovuti ya baba yake. Na Rastko alikuwa anataka kuwaambia watu Malta kwamba mfumo wake una mteja, angalau mmoja, mteja wa kweli.

"Ukamletea mjomba," nikasema.

"Milisav hakatai."

Alisema hivyo akitazama chini, na nadhani alisikia mwenyewe alichosema, maana sigara ilibaki mkononi inajivuta yenyewe.

Nikamwambia habari ya Slovenia. Alikuwa hajui. Alimshika Ognjen ubatizoni kwa mikono yake mwenyewe na alikuwa hajui kwamba kesho ndiyo siku yake ya kujibu. Nikamwomba amwambie mjomba aachane na ule mfumo. Yeye tu ndiye anaweza, neno lake moja linatosha. Alitikisa kichwa. Akisema hivyo, amesema mwanawe hafai, na amesema mbele ya mshumaa wa mtu, na mkate wa mtu bado uko mdomoni. Hawezi.

"Basi nitalihamisha jina mimi," nikasema. "Simu yake ninayo hapa."

Akaitazama ile simu. Akazima sigara kwa kisigino, akasimama, akajikung'uta suruali.

"Mwanangu, mimi nimekuja huku kuvuta sigara. Sijaona mtu."

Akarudi ndani. Nikamsikia anaanzisha wimbo, kwa sauti kubwa kuliko ya mtu mwenye furaha.

Nikabonyeza. Meseji ikaingia kwenye simu ya mjomba, nikaingiza zile namba, nikaifuta meseji. Kisha nikaingia kumpiga mjomba picha akiwa amesimama nyuma ya kiti cha msimamizi wake, mkono begani kwake. Picha nzuri sana. Sijaweza kuitazama tena.

Kesho yake asubuhi tuko karakanani, Ognjen ameshaandika barua pepe ya Waslovenia, bado kuituma. Simu ya mjomba ikaita. Mtu wa milimani huko, anataka mtambo mkubwa kabla plamu hazijaanguka, na anauliza kama ni kweli mke wa mtu alaumiwe. Kabla ya chakula cha mchana ikaita tena. Ognjen aliifuta ile barua, akawaandikia nyingine fupi, kwamba wamwache mpaka plamu ziishe. Hakuruka wala hakushangilia. Alinyanyua nyundo, akaniambia, "Dada, toka kwenye mwanga."

Plamu zimeiva, mitambo ya ukutani imepata wenyewe, na Ognjen sasa anasema mwakani tutaona. Ningekuwa nimelala usingizi, nimepumzika. Lakini mnajua mjomba alifanya nini?

Alimshukuru msimamizi.

Simu zilipoanza kuita alimfuata mwanawe, akataka kuonyeshwa tovuti. Akaitazama, akaona picha, akaona maneno ya mkewe, akasema huyu Rastko kweli amejitahidi, kumbe alikuwa anayachukua maneno yetu moja moja anayafanyia kazi kimya kimya. Akampigia Dragutin pale pale, sauti imejaa machozi. Nilikuwa karibu, nikamsikia Dragutin upande wa pili akisema, "Hapana shida, Milisav. Watoto wetu hao."

Sasa mjomba anafua mtambo mdogo wa zawadi, wa kumpelekea Rastko Malta. Anaufua mwenyewe, kwa bega lile lile, hataki Ognjen aguse. Kila nyundo ikilia mimi meno yananiuma. Na leo amekuja kwangu amevaa shati safi, akasema si haki kazi nzuri hivi ikose jina. Anataka pale chini kabisa, kwenye kila ukurasa, niandike kwamba tovuti hii imetengenezwa na Rastko, mtoto wa msimamizi wetu. Atarudi baadaye aje aone.

Nimefungua mfumo. Sehemu ya kuandika iko mbele yangu, kijistari kinawaka na kuzima. Nikiandika, nimelibandika jina la mtu kwenye nyumba asiyoijenga, na siku moja huyo Rastko anaweza kuifungua na kuelewa kila kitu, pamoja na alichofanya baba yake. Nikikataa, mjomba atauliza kwa nini, na mimi mbele ya mjomba sijui kudanganya. Na akijua, namfahamu, ataomba radhi kwa msimamizi na jioni hiyo hiyo atalirudisha jina kule kwenye mfumo wa zamani, na ile namba iliyokufa, na Ognjen atafungasha. Nimemuuliza Ognjen. Amesema niandike tu, jina si tairi, halipasuki. Rahisi kwake.

Nyundo imenyamaza huko karakanani, nadhani anakuja. Haya niambieni, mngekuwa ninyi mngeandika?